Majani Yanayojenga Nchi Kavu Mbele ya Nyumba Yangu

Nzilo, ukingoni mwa ziwa, Jumatatu asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Kingo za Bwawa,
Kolwezi.

KUHUSU: Majani yanayogeuza maji kuwa nchi kavu bila kibali, na madhara yake kwa familia yangu.

Mheshimiwa Tata Mkuu wa Ofisi,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na mama wa nyumbani kwako na watoto, pamoja na yule mama wa mapokezi ambaye mara ya mwisho aliniambia niketi kidogo, nikaketi mpaka ofisi ikafungwa. Sina kinyongo. Benchi lenu ni zuri na nililala vizuri.

Mimi ni Mushiya Modeste. Huenda hunijui kwa sura, lakini barua zilizopita mikononi mwangu ni nyingi, kwa maana nilikuwa karani wa kupokea na kutuma barua katika kampuni ya migodi, enzi zile tukikaa katika nyumba za kampuni pale Dilala. Nilipostaafu nilimchukua mke wangu, Mama Odile, tukahamia huku Nzilo. Nilikuwa nimechoka na malori na pikipiki za teksi. Nilitaka kuishi mahali ambapo hakuna kinachosogea. Nikachagua kiwanja chenye ghuba ndogo mbele yake, maji matupu, na ng'ambo nyumba chache za watu. Nikamwambia Mama Odile kwamba hapa angalau hakuna atakayetujengea mbele ya macho. Mheshimiwa, nimejengewa.

Anayejenga si mtu. Ni majani.

Najua unavyofikiri. Ndiyo maana, kabla ya malalamiko yenyewe, lazima nikueleze jambo moja la nyumbani, usije ukasema mzee huyu ana ugomvi na mimea. Tuna binti, Jémima, mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini, kitinda mimba wetu. Wakubwa zake wote wameondoka. Mmoja yuko Lubumbashi, mmoja Likasi, mmoja amevuka mpaka kwenda Zambia. Wananipigia simu siku ya Noeli na kuniuliza kama nimekula. Jémima ndiye aliyebaki. Ndiye anayenisomea gazeti miwani yangu inapopotea, na ndiye anayejua miwani ilipo.

Ng'ambo ya ghuba anakaa kijana anayeitwa Ezéchiel pamoja na mama yake, Mama Yolande. Ezéchiel ni mchimbaji wa mkono. Anachimba mawe ya shaba huko vilimani na kuyaosha katika kijito, na kijito hicho kinamwaga maji yake katika ghuba yetu. Naomba ukikumbuke kijito hicho, kwani kimo katika mashtaka.

Miaka michache iliyopita, wakati maji ya ghuba yalikuwa bado yanamfika mtu mzima shingoni, watu wa Ezéchiel walivuka kwa pirogi, mtumbwi wa huku kwetu, kuja kumwomba Jémima. Walikuja kwa adabu, sina la kuwasema: kuku, kitenge cha Mama Odile, maneno yaliyopangwa vizuri. Mimi sikutaka kusema ndiyo. Wala sikuweza kusema hapana, kwa sababu Jémima alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni na niliiona miguu yake, imetulia kabisa. Basi nikatumia njia tuliyoizoea ofisini: unalikubali ombi la mtu, halafu unaliwekea sharti lisilowezekana. Nikasimama, nikakohoa, nikasema mbele ya wote: «Mi sikatale. Siku ile Ezéchiel atatoka kwabo na mikulu, atakata mayi hii, afike ku mulango yangu na patalo ya kukauka, njo atamuoa Jémima.»

Watu wakacheka. Mama Yolande mwenyewe alicheka, akishika tumbo. Mtu atoke kwao kwa miguu, apite ndani ya maji, na suruali ibaki kavu! Nikakaa chini nikiwa nimejipongeza. Ezéchiel peke yake hakucheka. Aliyaangalia maji kwa muda, akasema «Eyo, tata», yaani ndiyo, baba, akaenda zake.

Nawe unafahamu kwamba kwetu neno la baba likishatamkwa mbele ya wakwe, na kuku akishapokelewa, halirudishwi. Kuku tulimla siku ile ile. Tangu hapo majani yamechukua upande wa Ezéchiel, na yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Kuingia bila kujitambulisha. Kiangazi kimoja, maji ya bwawa yaliposhuka, matope yalijitokeza katikati ya ghuba. Matope matupu, ya kijivu, yenye harufu, ambayo hakuna mwenye akili angeyataka. Siku moja nikaona juu yake shina moja la majani, jembamba, fupi, la kijani. Limetoka wapi, sijui. Labda upepo, labda mguu wa bata. Ninachojua ni kwamba halikupita kwa chef wa kijiji. Mtu yeyote anayehamia hapa hupita kwa chef, anakaa, anangojea, anaulizwa baba yake ni nani. Hata mimi niliulizwa. Nilimwambia Mama Odile tusijali, lile litakufa lenyewe, maana ndani ya matope yale hakuna hewa hata ya mdudu kupumulia. Halikufa. Jémima alinieleza mezani kwamba majani ya aina hiyo yana vijimirija ndani ya shina, yanavuta hewa kutoka juu na kuishusha mpaka mizizini. Maana yake limekuja na hewa yake. Mheshimiwa, mgeni anayefika mahali akiwa amebeba hewa yake mwenyewe hakuja kusalimia. Amekuja kukaa.

2. Kutambaa chini kwa chini. Ningelisamehe kama lingezaa hadharani kama wengine. Hili lilipeleka shina jingine chini ya matope, kimya kimya, likachomoza mbele kidogo, kisha mbele tena. Unaliangalia hapa, kumbe limeshafika pale. Nilikata shauri kuling'oa. Niliingia na jembe, nikazama hadi magotini, na Mama Odile akalazimika kumwita jirani yetu Mama Simone aje na kamba ya mbuzi wake wanivute. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Jambo lenyewe la aibu ni kwamba vile vipande nilivyovikata vilielea, vikatua kwenye matope mengine, na kila kimoja kikaota. Nilikwenda kuyapunguza majani, nikarudi nimeyaongeza. Badala ya doa moja la kijani tukawa na madoa mengi ya mviringo, kila moja likijipanua kivyake, mpaka yakagusana na kuwa kitu kimoja.

3. Kuzuia mzigo usio wao. Hili ndilo kosa zito kisheria, nami nalijua kwa sababu ya kazi yangu ya zamani. Kijito kinateremsha matope kutoka vilimani. Hapo awali matope hayo yalipita tu ghubani mwetu, yakaenda ziwani, yakazama mahali ambapo hayamhusu mtu. Sasa hayapiti. Nimekaa kwenye kiti changu asubuhi nyingi nikiangalia jinsi inavyofanyika. Maji yanaingia mekundu, yana haraka zake. Yanakutana na mashina yaliyosongamana, yanalazimika kuzunguka hapa na kujipenyeza pale, yanapoteza mwendo. Na maji yakipoteza mwendo hayana tena nguvu ya kubeba kitu, yanautua mzigo pale pale. Upande wa pili yanatoka meupe, unaona mpaka kokoto za chini. Mzigo umebaki majanini. Mvua ikinyesha tena, tabaka jingine. Ungetegemea basi kwamba majani yatafunikwa na kufa chini ya yalichokiiba. La, yanafurahi! Yakifunikwa yanarefuka, yanatoa mizizi mipya juu ya ile ya zamani, na kuyashika matope yasiondoke tena. Katika ofisi yetu, karani aliyebaki na mzigo wa mtu mwingine uliopitia mikononi mwake alifukuzwa kazi. Majani haya yamefanya hivyo mchana kweupe, na zawadi yao ni kwamba yamekuwa kisiwa.

4. Kujenga bila ramani. Sina maneno mengi hapa. Jirani alipotaka kujenga choo aliambiwa alete mchoro. Majani yanainua ardhi nzima, na hakuna kibao, hakuna fundi, hakuna jina la mkandarasi. Yanafanya kazi hata Jumapili wakati sisi tuko misani.

5. Kuleta ndugu. Ardhi ilipopanda kiasi, yakaja matete. Baada ya matete ikaja ndago, yakaja mafunjo, juzi nimeona hata kichaka kidogo chenye maua ya njano ambacho nina hakika hakikualikwa. Ndege wamejenga viota. Mbuzi wa Mama Simone wanakwenda kule kula, na mbuzi, kama unavyojua, si mnyama wa kukanyaga mahali asipopaamini.

Lakini lipo jambo nililoliona na ambalo haki inanitaka niliseme, ingawa halisaidii kesi yangu. Pale katikati, ambapo matete yamekuwa marefu kupita kichwa cha mtu, yale majani ya kwanza, yale mafupi, hayapo tena. Yamekosa jua, yamekufa. Yanaishi pembeni tu, kwenye matope mabaya ambayo hakuna mwingine anayeyataka bado. Fikiria, Mheshimiwa. Unafika mahali pasipo na kitu, unashika matope kwa mizizi yako mpaka yanakuwa ardhi, wengine wanapata pa kusimama, wanarefuka, nawe unabaki kivulini mwao. Nilikumbuka simu za Noeli, nikamwambia Mama Odile jua limenichoma macho. Sisemi nayaonea huruma. Nasema niliyaelewa kwa muda mfupi, kisha nikaendelea na uchunguzi.

6. Njama. Sasa tuunganishe mambo. Nani anaosha mawe kule juu ya kijito? Ezéchiel. Kila beseni analoliosha linateremsha nini? Matope. Matope yanakwenda wapi? Kwa majani. Majani yanajenga kuelekea wapi? Mlangoni kwangu. Nilimkabili sokoni mbele ya watu, nikamuuliza kama anajua anachokifanya. Akavua kofia, akanijibu kwa heshima: «Tata, mi nasafisha mawe tu. Matope njo inayua kwenye inaenda.» Yaani matope ndiyo yanayojua yanakokwenda! Ni jibu la mtu aliyeshauriwa na wakili.

Wapo na washirika wake nyumbani mwangu. Jémima amewafundisha wanafunzi wake somo zima juu ya majani yale. Wanakuja ukingoni na madaftari, wanachora mashina na mishale ya kuonyesha maji yanavyopungua mwendo, na wakiondoka wanayapungia mkono. Mimi nilidhani ananifafanulia mambo mezani kwa sababu ni mwalimu. Sasa nikikumbuka, alikuwa anaeleza kwa furaha isiyo ya kawaida kwa mtu anayezungumzia matope. Siku moja aliniambia huku akicheka: «Papa, acha mvua inyeshe tena kiloko, utaona.» Kiloko, yaani kidogo tu! Na mke wangu, niliyetegemea angenisimamia, aliponiona natafuta karatasi ya barua hii alisema: «Papa Jémima, weye unagombana na majani? Majani haina masikio.» Nikamjibu kwamba ofisi nyingi pia hazina, na bado tunaziandikia. Samahani, sikuwa namaanisha Ofisi yako.

7. Hali ilivyo sasa. Kutoka kwa Mama Yolande hadi karibu na katikati ya ghuba, ni nchi kavu. Kutoka kwangu kwenda katikati, vilevile, kwa sababu majani hayana hata aibu ya kuanzia upande mmoja. Imebaki sehemu ndogo katikati yenye matope laini, na hiyo ndiyo inayoilinda familia yangu. Kila Jumapili baada ya ibada Ezéchiel anakuja mpaka pale kijani kinapokomea, amevaa suruali iliyopigwa pasi. Anaita «Jambo, tata!» Naitikia, kwa sababu nimelelewa. Anayagusa matope kwa ncha ya kiatu, anatikisa kichwa, anarudi kwao.

Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko yote. Angeweza kutandika ubao. Angeweza kukunja suruali, akavuka, akaikunjua mlangoni, nani angejua? Ningepata sababu ya kumkataa kama mdanganyifu na jambo lingeisha vizuri. Hafanyi hivyo. Anangoja. Mtu unamwekea kikwazo, naye anakiheshimu kuliko wewe mwenyewe uliyekiweka!

Sitakuficha, Mheshimiwa. Naogopa. Kijana si mbaya, lakini nawajua wachimbaji. Leo wako hapa, kesho wamesikia kwamba Fungurume kuna mawe mazuri zaidi, keshokutwa nyumba imefungwa kwa kufuli. Atamchukua mtoto wangu, naye atakuwa sauti ya nne ya Noeli inayoniuliza kama nimekula.

Kwa hiyo naiomba Ofisi yako itekeleze mojawapo ya haya, kwa kadiri ya nafasi:

a) Iyaandikie majani onyo rasmi, lenye muhuri, yasimame yalipofika. Mimi mwenyewe nitakwenda kuyasomea kwa sauti, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kama yatajifanya hayakusikia.

b) Ikiwa onyo halitoshi, kijito kiamriwe kupeleka matope yake kwingine. Kuna ghuba nyingi ambazo hazina mabinti.

c) Ikishindikana, maji ya bwawa yapandishwe kidogo, kiasi cha goti tu, na yakae hivyo mpaka Ezéchiel apate mchumba mwingine. Najua watu wanahitaji umeme na kwamba bwawa halikujengwa kwa ajili yangu. Naomba tu.

d) Na hili nimelifikiria kuliko mengine, kwa sababu halihitaji jembe wala mtambo, linahitaji karatasi tu, kitu ambacho ofisi zetu hazijawahi kukosa: Ofisi itangaze rasmi kwamba eneo lile lote ni maji. Hata likikauka, ni maji. Ziwekwe nguzo mbili zenye kibao HAPA NI ZIWA. Mtu yeyote atakayepita pale kwa miguu atahesabiwa kuwa ameogelea, na nguo zake zote, hasa suruali, zitahesabiwa kuwa zimelowa, hata kama zinatoa vumbi. Ili sheria isiwe na upendeleo, mbuzi wa Mama Simone wakiwa pale watahesabiwa kuwa samaki, na yeye atafute kibali cha uvuvi. Ezéchiel akifika mlangoni kwangu nitamwonyesha tangazo, nitamsikitikia sana, nitampa taulo.

Natumaini ombi hili litapewa uzito wake, na kwamba halitawekwa chini ya yale mafaili yenye buibui niliyoyaona nikiwa kwenye benchi. Wasalimie makarani wote kwa jina langu, wasalimie madereva, msalimie mama wa mapokezi, na umwambie nikija tena nitakuja na mto wangu. Mama Odile anakusalimu, ingawa hakubaliani na hata neno moja la barua hii. Jémima hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba naandika.

Wako mtiifu, raia aliyepata madhara,

Mushiya Modeste,
karani mstaafu wa barua, Nzilo

Baada ya sahihi. Leo ni Alhamisi. Barua ilikuwa imeshagandishwa kwa gundi, nimeifungua tena kwa kisu cha jikoni, na nakuomba radhi kwa tundu lililotokea kwenye jina lako.

Ilikuwa hivi. Niliona barua yenye uzito huu haiwezi kwenda bila kipimo. Niliamua kuingia majanini na fimbo yangu, nipime ile sehemu laini ya katikati, nikuandikie upana wake kamili ili ujue ni kiasi gani cha ziwa bado kinaweza kuokolewa. Nikaingia nikihesabu hatua kwa sauti. Akaruka ndege karibu na sikio langu, hesabu ikanipotea, nami nikaendelea kutembea nikiangalia chini nitafute ile sehemu laini. Ardhi ilikuwa inanesa kidogo chini ya miguu, kama godoro jipya, lakini ilishika. Mizizi imefumana kule chini, huwezi kuamini. Mahali fulani viatu vilipata unyevu. Nikasema labda ndipo hapa, ngoja nione mbele. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimesimama katika uwanja wa Mama Yolande, na Mama Yolande alikuwa anasonga bukari, ugali wetu wa huku.

Hakucheka safari hii. Alinitazama, akautazama mwiko wake, akasema: «Karibu, tata. Ikala.» Nikakaa, kwa kuwa nilikaribishwa. Akaleta maji ya kunawa, nikanawa, kwa kuwa nilikuwa na matope. Akaweka bukari, sombe ya majani ya muhogo, na samaki mkubwa mzima, nami nilikuwa na njaa, kwa sababu kupima ardhi ni kazi. Nikala. Akaniongezea, nikala tena.

Nilikuwa na tonge mkononi, sahani ya pili, ndipo nilipokumbuka desturi. Mheshimiwa, sisi watu wa kaskazini mwa Katanga, baba wa msichana anaweza kupokea kuku akampika kwake, lakini hagusi chakula nyumbani kwa watu wa mwanaume mpaka siku anapokubali. Hata maji hanywi. Akila, amejibu, na hakuna anayemuuliza tena. Nilimtazama Mama Yolande. Alikuwa amelijua hilo tangu aliposhika lile beseni la kunawia. Ndiyo maana nilipewa samaki mkubwa. Nikaiangalia bukari, nikaiona haiwezi kurudi sahanini. Nikaimeza.

Tulipokuwa tunangoja Ezéchiel arudi kutoka kijitoni, Mama Yolande alinieleza jambo ambalo sikuliuliza. Wenzake Ezéchiel walihamia Fungurume zamani. Wamempigia simu zaidi ya mara moja wakimwambia mawe ya huko ni mazuri, aje upesi. Kila mara alijibu kwamba hawezi kuondoka, kuna kitu anakingoja kiote. Walimcheka sana. Mimi niliogopa kwamba huyu ni mtu wa kukimbilia kila habari, naye miaka yote hii alikuwa amekaa akiyatazama majani yakikua.

Ezéchiel alipofika tukapatana siku ya yeye kuvuka, nami nikarudi kwa njia ile ile. Sombe ambayo Mama Odile aliiweka motoni nikiondoka ilikuwa bado haijaiva. Nilisimama jikoni nikaiangalia ile sufuria. Lubumbashi ni mbali, Zambia ni mbali, lakini nyumba ya Mama Yolande iko karibu kuliko kanisa. Jémima akiishi kule atakuja kufundisha hapa kila asubuhi kwa miguu yake. Nami naweza kwenda kumwamkia na kurudi kabla chakula hakijaiva kwetu, na nikikuta kimeiva kwake, nitakuwa nimekula mara mbili. Nilimwita, nikamwambia: «Jémima, nimekula kule.» Alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama, akalia, na mimi pia nililia, na Mama Odile akasema sombe inaungua.

Kwa sababu hiyo naomba malalamiko yote, la kwanza hadi la saba, yafutwe. Barua yenyewe ibaki katika faili, maana nimeiandika vizuri. Usilitangaze lile eneo kuwa maji. Ukilitangaza, mimi nitakuwa nazama kisheria kila jioni.

Lipo ombi moja tu. Ezéchiel atavuka Jumamosi ya wiki ijayo, mbele ya watu wote, na pale katikati bado pamelegea kidogo. Mimi ni mwembamba, lakini Mama Odile si mwembamba, na watu wa kumsindikiza ni wengi. Kama Ofisi yako inajua mahali ambapo majani yale mafupi yamezidi, naomba mtutumie mashina machache, yakiwa na mizizi, yamefungwa katika kitambaa kibichi. Najua hayataota kufikia Jumamosi. Jumamosi tutatandika mikeka. Nitayapanda mwenyewe kwa ajili ya baadaye, kwa maana mtoto wa Jémima atakapoanza kutembea, nataka aweze kuja kwangu peke yake.